Tatizo la Istilahi: "Muziki wa Chumbani"

Wafasiri wa vitabu vya muziki hukutana na istilahi ya Ulaya ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, huwa "muziki wa chumbani". Jina hilo lina asili yake: hapo kale muziki huo ulipigwa katika vyumba vya majumba ya wakuu, si kanisani wala katika michezo ya jukwaani. Lakini kwetu chumbani ni mahali pa kulala. Mwalimu wa Mkwajuni, wilayani Songwe, akilitamka neno hilo darasani, atachekwa kabla hajaeleza lolote. Hatuna budi kuuliza: sifa hasa ya muziki huu ni mahali unapopigwa, au ni namna unavyopigwa?

Historia ya taarabu yatusaidia kujibu. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alifuatana na wapigaji wachache tu. Baadaye, kwa kufuata mtindo wa Misri, vikundi vilipanuka vikawa na fidla kadhaa, selo na besi. Hata hivyo, fidla hizo kwa kawaida hufuata lahani moja. Idadi iliongezeka, lakini si kila mpigaji aliyepewa njia yake mwenyewe.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Katika kikundi cha wanne cha Ulaya, chenye fidla mbili, viola moja na selo moja, kila mpigaji hushika sauti yake peke yake; akinyamaza, hakuna wa kumzibia pengo. Sifa hiyo hubaki hata vikundi viwili vya namna hiyo vikikutana. Lakini kukutana nako ni kwa namna mbili. Mwaka 1823 Louis Spohr alitunga kazi ambayo ndani yake vikundi viwili vya wanne hujibizana. Mwaka 1825 Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 16, alitunga kazi ambayo ndani yake wapigaji wanane huungana kuwa kikundi kimoja. Mfasiri akiziita zote mbili "muziki wa watu wanane", atakuwa amefuta tofauti ambayo watunzi hao waliikusudia.

Kwa hiyo twapendekeza "muziki wa vikundi vidogo" mahali pa "muziki wa chumbani". "Kikundi cha wanane" kwa walioungana. Na "vikundi viwili vya wanne" kwa wanaojibizana. Maneno haya ni mepesi, na hayamwachi msomaji mlangoni akitafuta chumba. Wenye maneno yaliyo bora zaidi twawaomba wayalete, yapimwe pamoja na haya.