Mkono wa Kushoto wa Tanabe

Mwaka 1866 kijana wa Kijapani aitwaye Yamao Yozo aliingia Glasgow. Miaka mitatu nyuma alikuwa ametoroshwa kwao kwa meli pamoja na wenzake wanne, zama ambazo Mjapani aliyekamatwa akivuka bahari bila idhini alikuwa ameweka shingo yake rehani. Mchana alishinda akifanya kazi katika kiwanda cha meli cha Napier, kando ya mto Clyde. Jioni alinawa masizi akaenda darasani, Anderson's College. Katika masomo hayohayo ya jioni alikuwemo mwanagenzi wa kiwanda cha kusubu chuma, Mskoti mdogo kwa umri kuliko yeye, Henry Dyer.

Yamao alirudi Japani mwaka 1868 akakuta serikali mpya. Mwaka 1870 ikaundwa Wizara ya Kazi za Umma, naye akawa mmoja wa waliong'ang'ania kwamba wizara hiyo iwe na chuo chake cha uhandisi. Wakubwa walimshangaa. Chuo cha wahandisi wa nini, na viwanda vyenyewe havipo? Jibu lake Wajapani wanalikumbuka hadi leo: watu wakishafundishwa, viwanda watavianzisha wenyewe.

Mkuu wa chuo aliagizwa kutoka Glasgow, na aliyeshuka bandarini mwaka 1873 ni yuleyule mwanagenzi wa jioni. Dyer alikuwa hajatimiza miaka 25. Mpango wa masomo aliuandika melini, safari ikiwa bado inaendelea, na haukuwa nakala ya chuo chochote cha kwao. Uingereza ya siku hizo ilimlea mhandisi karakanani, akajua kusikiliza mashine lakini hesabu zikampita kando. Ufaransa na Ujerumani zilimlea darasani. Dyer alichanganya. Masomo yalikuwa ya miaka 6: miwili ya sayansi za msingi, miwili ya fani ambayo mwanafunzi aligawa nusu mwaka chuoni na nusu mwaka kazini, na miwili ya mwisho kazini karibu moja kwa moja. Fani zilikuwemo za ujenzi, mitambo, telegrafu, madini na nyinginezo. Hiyo telegrafu ndiyo iliyokuwa uhandisi umeme wa wakati ule, kwa sababu umeme ulikuwa haujapata kazi nyingine kubwa ya kufanya.

Wengi wa wanafunzi walikuwa watoto wa samurai. Kwao chuma cha heshima kilikuwa upanga. Chuma cha tupa na nyundo kilikuwa shughuli ya mafundi, watu wa tabaka la chini. Sasa wakapelekwa karakana ya serikali ya Akabane, Tokyo, wakasimame kwenye mashine kama vibarua. Yeyote aliyewahi kupewa kipande cha chuma na tupa, akaambiwa akisawazishe mpaka rula ikilazwa juu yake mwanga usipenye, anajua somo hilo linavyoshusha mabega. Tupa huyumba na mkono, kingo zikaliwa na katikati pakabaki na kitumbo. Mtu hukirudia, kikazidi kuwa chembamba bila kunyooka. Nasaba ya baba haisaidii hapo.

Somo la telegrafu lilikuwa chini ya William Ayrton. Usiku wa tarehe 25 Machi 1878 kulikuwa na karamu katika ukumbi wa chuo, kusherehekea kufunguliwa kwa kituo kikuu cha telegrafu. Ayrton na wanafunzi wake waliwasha taa ya tao kwa nguvu ya betri. Ukumbi ulijaa mwanga mweupe, wageni wakapigwa butwaa, na baada ya dakika kama 15 taa ikazimika. Japani bado huiadhimisha tarehe hiyo kuwa siku ya umeme. Mmoja wa wanafunzi wale, Fujioka Ichisuke, mwaka 1890 alishiriki kuanzisha kampuni ya kutengeneza balbu ambayo ni mzizi mmojawapo wa Toshiba.

Siri ya mpango wa Dyer, hata hivyo, haikuwa ratiba. Wizara iliyomiliki chuo ndiyo iliyomiliki pia reli, migodi, minara ya taa za bahari, telegrafu na karakana. Mwanafunzi hakwenda kuomba nafasi. Alihamishwa kutoka chumba kimoja cha nyumba hiyohiyo hadi kingine, na akihitimu alidaiwa miaka 7 ya utumishi. Tanzania nayo ilianza na nyumba ya namna hiyo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, miaka 100 kamili baada ya chuo cha Tokyo, na wakati huo reli, umeme na viwanda vingi vikubwa vya Tanzania vilikuwa mali ya umma. Vingi vya viwanda hivyo vilipouzwa au kufungwa katika miaka ya 1990, mafunzo ya vitendo, ambayo wanafunzi huyaita PT, hayakufutwa. Ila kuzunguka viwanda vya Barabara ya Nyerere na bahasha ya barua za kuomba nafasi, lango kwa lango, mlinzi kwa mlinzi, kumekuwa somo jingine lisiloandikwa kwenye ratiba.

Wahitimu wa kwanza wa Tokyo, 23, walitoka mwaka 1879. Aliyeonyesha wazi zaidi mpango ule uliweza kuzaa nini alikuja nyuma yao: Tanabe Sakuro. Mji wa Kyoto ulikuwa unadidimia tangu makao ya mfalme yahamie Tokyo, na gavana wake, Kitagaki Kunimichi, alitaka maji ya ziwa Biwa yavushwe milimani hadi mjini. Tanabe alikwenda huko kama mwanafunzi, akapima njia ya mfereji huo kwa ajili ya tasnifu yake. Katika kazi hiyo aliumia mkono wa kulia. Maandishi na michoro akavimalizia kwa mkono wa kushoto.

Alihitimu mwaka 1883, akiwa na miaka 21, na Kitagaki akamkabidhi kazi yenyewe. Uchimbaji ulianza mwaka 1885. Handaki refu kuliko yote lilipita mita 2,400, na watu 17 walipoteza maisha kabla mfereji haujafunguliwa mwaka 1890. Michoro ilisema maji yale yazungushe magurudumu ya viwanda. Lakini mwaka 1888, ujenzi ukiwa katikati, Tanabe alikwenda Marekani, akafika mji wa migodi wa Aspen, Colorado, akaona maji yakizungusha dainamo. Aliporudi aliyaweka kando magurudumu. Kituo cha Keage kilianza kufua umeme mwaka 1891, na mwaka 1895 tramu ya kwanza ya umeme ya abiria nchini Japani ikapita katika mitaa ya Kyoto, ikivutwa na maji ya tasnifu ya mwanafunzi.