Aliacha uhandisi wa ndege, akarudi chuoni na vibrafoni



Hapa Naliendele, kilomita chache tu kutoka Mtwara mjini, msomi ni mtu anayeeleweka. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo, mikorosho ipo, na mzazi akisikia mwanawe anasomea mbegu au udongo anajua ada yake haikupotea. Sasa mwambie mzazi huyo huyo kwamba unaacha shahada ukapige piano. Tena jazz! Atauliza nani kakuloga.

Neno jazz lenyewe si geni kwetu. Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz: wazee wetu walizicheza sana. Lakini hizo zilikuwa bendi za dansi, za magitaa, tumba na saksafoni. Nikitafuta katika ukanda wetu mtu aliyeiacha taaluma yenye heshima akaifuata jazz yenyewe, na nadharia yake, napanda hadi Ethiopia kwa Mulatu Astatke.

Mulatu alizaliwa Jimma mwezi Desemba 1943. Kwao walikuwa na uwezo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wakampeleka Wales akasome, lengo likiwa aje kuwa mhandisi wa ndege. Huko shuleni kipaji cha muziki kikajitokeza. Akaenda chuo cha muziki cha Trinity, London, kisha akavuka bahari hadi Boston na kuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika shule ya Berklee. Vyombo vyake vikawa piano, kinanda, tumba na hasa vibrafoni, ambayo ni ndugu wa marimba zetu, ila vibao vyake ni vya chuma.

Hapo ndipo akili ya kihandisi ilipofanya kazi. Nyimbo nyingi za Ethiopia zimejengwa juu ya ngazi za sauti tano, kama ile iitwayo tezeta. Piano ina sauti kumi na mbili. Ukizirundika zote juu ya tezeta, ladha inapotea na Mhabeshi mwenyewe haitambui tena. Mulatu alitaka zile tano zibaki juu, zisikike, na za jazz ziwe chini zikizibeba. Mwaka 1966, akiwa New York, akatoa albamu mbili za Afro-Latin Soul, na mwaka 1972 ikafuata Mulatu of Ethiopia. Muziki huo akauita Ethio-jazz. Duke Ellington alipofika Addis Ababa mwaka 1973, Mulatu alikuwa miongoni mwa wenyeji wake.

Mwaka uliofuata Haile Selassie akapinduliwa. Wanajeshi wa Derg wakaweka amri ya kutotembea usiku, na bila usiku hakuna klabu. Wanamuziki wengi wakakimbilia nje. Mulatu akabaki, na kwa miaka mingi dunia haikumsikia.

Mwaka 1998 muziki wake ulitolewa upya Ufaransa katika mfululizo wa Éthiopiques. Mwaka 2005 Jim Jarmusch akautumia katika filamu ya Broken Flowers, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa uliporekodiwa wakaanza kuutafuta. Mwaka 2007 Harvard ikamwita kama mtafiti. Mwaka 2012 Berklee ikampa udaktari wa heshima. Aliacha uhandisi kwa ajili ya muziki, na vyuo vikamfungulia mlango kwa ajili ya muziki huo huo.

Hadithi tamu, sivyo? Lakini hesabu miaka. Filamu ile ilipotoka alikuwa na umri wa miaka 61.

Sasa mtazame Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa Juni 1944, miezi sita tu baada ya Mulatu. Naye aliacha shule, katikati ya miaka ya 1960, akaingia Morogoro Jazz. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Japani kwenye maonesho ya Osaka. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na miaka 34. Hakufika hata karibu na umri ambao dunia ilimgeukia Mulatu.

Ndiyo maana sipendi mtu akimwambia kijana "fuata ndoto yako" kisha akaondoka zake. Mulatu alikuwa na kipaji, sawa. Alikuwa pia na familia yenye uwezo, na vyuo vitatu vya nchi za watu, na umri mrefu. Kijana wa Naliendele anayetaka muziki leo inabidi afunge safari hadi Bagamoyo, Dar es Salaam au Zanzibar, ambako DCMA inafundisha tangu 2002. Mzazi anayeuliza "utakula nini?" anauliza swali la haki. Kwamba mtoto wake hana chuo cha muziki karibu, hilo si kosa lake wala la mtoto.

Mnasemaje wadau? Korosho zina kituo cha utafiti. Muziki wa kusini je?