Mpira Umetulia, Akili Haitulii

Januari 1687, Thomas Kincaid, kijana wa Edinburgh aliyekuwa akisomea utabibu, aliandika katika shajara yake jinsi mpira wa gofu unavyopaswa kupigwa. Mchezaji asimame kama mpiganaji wa upanga mwembamba, magoti yamekunjwa kidogo, misuli ya miguu, mgongo na mikono imekazwa barabara. Hayo ndiyo mafunzo ya gofu ya kale zaidi yanayojulikana. Ukiyasoma leo unaona tayari yamebeba maradhi ambayo mchezo huu umekuwa ukijitibu tangu siku hizo: mtu ameketi na kalamu, anaupangia kila msuli wake kazi ya kesho, kisha kesho ikifika anashangaa mwili haumsikii.

Waskoti walikuwa wameucheza mchezo huo kwa zaidi ya karne mbili kabla ya Kincaid. Bunge lao liliupiga marufuku mwaka 1457 kwa sababu uliwatoa vijana kwenye mazoezi ya upinde. Mwaka 1744 wachezaji wa Leith waliandika kanuni 13, na hakuna hata moja inayogusa hofu, hasira au majuto, ingawa hayo matatu yameharibu kadi nyingi kuliko upepo. Chanzo chake kimo ndani ya mchezo wenyewe. Beki wa mpira wa miguu hana nafasi ya kujitilia shaka; mshambuliaji anamjia, naye anajibu. Katika gofu hakuna anayekujia. Mpira umetulia, unakungoja. Anayepiga mikwaju 90 hukaa uwanjani saa nne au zaidi, na kwa kuwa kuzungusha fimbo mara moja hakuzidi sekunde mbili, kazi yake halisi ni kama dakika tatu. Muda wote uliobaki ni wa kutembea na kuwaza.

Vitabu vya kufundisha gofu vilianza kutoka katikati ya karne ya 19, na kwa sehemu kubwa vilifuata njia ya Kincaid: mguu hapa, kiwiko pale. Aliyezinduka mapema ni Sir Walter Simpson, wakili Mskoti aliyewahi kusafiri kwa mitumbwi na rafiki yake, mwandishi Robert Louis Stevenson, kwenye mito na mifereji ya Ubelgiji na Ufaransa. Katika The Art of Golf, kilichotoka mwaka 1887, Simpson alidai kwamba amri ya lazima katika gofu ni moja tu, kuupiga mpira, na kwamba mawaidha yakizidi mchezaji huisahau. Mwaka 1908 Arnold Haultain alichapisha The Mystery of Golf, akijaribu kueleza kwa elimu ya wakati wake kwa nini mtu mzima hushindwa kuutazama mpira usiokwenda popote. Haultain ni msemaji kupita kiasi, lakini swali lake lilikuwa la kweli.

Mfano hai wa swali hilo alikuwa Bobby Jones wa Atlanta. Alijaliwa kipaji tangu utotoni, pamoja na hasira za kutosha kukizika. Mwaka 1921, akiwa na miaka 19, alicheza raundi ya tatu ya Mashindano ya Wazi ya Uingereza kule St Andrews, akatumia mikwaju 46 kwenye mashimo tisa ya kwanza, akanasa mchangani kwenye shimo la 11, akaacha mashindano palepale. Kilichokuja kumwokoa hakikuwa mtindo mpya wa kuzungusha fimbo, maana mtindo wake ulisifiwa tangu mwanzo. Alibadilisha mpinzani. Aliacha kumhesabu aliyecheza naye, akaanza kushindana na kipimo cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju iliyopangiwa kila shimo. Kipimo hicho alikifanya kama mzee fulani asiyebahatisha wala kubabaika, ambaye ukimfuata kwa subira utashinda wengi bila kuwatazama. Kati ya 1923 na 1930 Jones alitwaa mataji makuu 13. Mwaka 1930 alishinda yote manne yaliyohesabiwa makuu wakati huo katika msimu mmoja, kisha akastaafu akiwa na miaka 28. Mwili ulilipia: wiki za mashindano alikonda, chakula kilikuwa hakipiti. Wanaouza utulivu siku hizi huipenda hadithi yake, ila sehemu hiyo huiruka.

Walter Hagen, aliyetamba miaka hiyohiyo na kumaliza na mataji makuu 11, alikuwa na dawa nyingine. Kwangu mimi hakuna iliyo bora kuliko hiyo kwa mchezaji wa kawaida. Alisema kila raundi anategemea kupiga mikwaju mibaya saba. Ukija mmoja, basi ni katika ile saba. Mchezaji wa wikendi anayemaliza na 95 huingia uwanjani bila kujitengea hata kosa moja, na la kwanza linapomfika shimo la pili hana pa kuliweka. Hulibeba hadi shimo la tisa.

Televisheni ilipoingia viwanjani, kuporomoka kwa mchezaji kukawa tamasha la watu wote. Mwaka 1966, kwenye klabu ya Olympic mjini San Francisco, Arnold Palmer aliongoza Mashindano ya Wazi ya Marekani kwa mikwaju saba yakiwa yamebaki mashimo tisa. Taji lilikuwa kama liko mkononi, hivyo akili yake ikaanza kuwinda kitu kingine: rekodi ya Ben Hogan ya mikwaju 276 iliyowekwa mwaka 1948. Billy Casper akamfikia, na siku iliyofuata akamshinda katika mchujo. Greg Norman aliingia siku ya mwisho ya mashindano ya Masters ya 1996 akiwa mbele kwa sita, akashindwa na Nick Faldo kwa tano. Na mwaka 1999, kwenye Mashindano ya Wazi ya Uingereza, Jean van de Velde alifika shimo la mwisho la Carnoustie akihitaji mikwaju sita tu ili awe bingwa. Akapiga saba, akavua viatu katikati ya shughuli hiyo na kuingia kwenye kijito, kisha akaukosa ubingwa katika mchujo. Wote watatu walijua kupiga mpira. Palmer, kwa ushahidi wake mwenyewe, alikuwa ameshahama kutoka kwenye mkwaju uliokuwa mbele yake.

Mwaka 1974 vilitoka vitabu viwili vyenye majibu yanayovutana. Jack Nicklaus, mwenye mataji makuu 18, alieleza katika Golf My Way kwamba hapigi mkwaju kabla ya kuuona kichwani kama sinema ya rangi: kwanza mpira umeshatua, kisha safari yake angani, kisha yeye mwenyewe akizungusha fimbo. Timothy Gallwey, mwalimu wa tenisi wa California, alisema ndani ya kila mchezaji wapo wawili, mmoja anaamuru na mwingine anatenda, na kwamba kelele za yule wa kwanza ndizo zinazomharibia wa pili. Alipouhamishia ufundi huo kwenye gofu alimpa mwamuru kibarua kidogo cha kumshughulisha: tamka neno moja fimbo inapofika nyuma kabisa, na jingine inapougusa mpira. Tangu hapo soko la ushauri limepanuka sana, na sehemu kubwa ya ushauri huo ni kumwambia mtu ajiamini. Mtu aliyetia mipira mitatu majini hawezi kujiamini kwa kuambiwa. Kibarua cha Gallwey angalau kinafanyika.

Tena kilikuja kupata ushahidi. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters aliwafundisha watu wasiojua gofu kusukuma mpira shimoni. Wengine aliwapa maelekezo ya kina. Wengine waliachwa wajifunze huku wakitamka herufi ovyo ovyo, ili akili isipate nafasi ya kuunda kanuni. Walipowekwa kwenye shinikizo, waliojaa maelekezo waliyumba na wale wengine wakaendelea vizuri. Sian Beilock na wenzake, mwaka 2004, walionyesha kwamba wachezaji hodari husukuma vizuri zaidi wakiambiwa wafanye haraka kuliko wakiambiwa wajali usahihi. Kwa wanaoanza ilikuwa kinyume. Basi haraka nayo ina baraka zake, ilimradi mkono umeshakomaa.

Matokeo hayo yasingemshangaza mtu aliyekulia pembeni mwa uwanja wa gofu Afrika Mashariki. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza wakiwa makedi, wakibeba mifuko ya wenye klabu na kuiga walichokiona kwa fimbo ya kuazima, bila kitabu wala mwalimu. Seve Ballesteros wa Hispania alipita njia hiyohiyo: kedi wa Pedreña aliyejifunza mikwaju ya kila namna ufukweni kwa fimbo moja ya chuma. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open jijini Nairobi, na mwaka uliofuata akachukua yale ya Wazi ya Uingereza akiwa na miaka 22. Alikuwa akipeleka mpira vichakani mara nyingi kuliko mabingwa wengine, lakini huko vichakani ndiko alikotisha zaidi, kwa sababu mkwaju usio na kanuni ulikuwa kwake mkwaju wa kawaida.

Si kila aliyetulia aliachwa ajifunze mwenyewe. Earl Woods, mwanajeshi mstaafu, alimzoeza mwanawe Tiger kwa usumbufu wa makusudi: anadondosha mfuko wa fimbo wakati mtoto anapiga, anachezesha sarafu mfukoni, anakohoa. Mwanasaikolojia wa jeshi la majini, Jay Brunza, alianza kufanya kazi na Tiger akiwa kijana wa miaka 13. Mwaka 1997 Tiger alifungua Masters kwa mikwaju 40 kwenye mashimo tisa ya kwanza, akapiga 30 kwenye tisa yaliyofuata, akamaliza juma akiwa mbele kwa 12. Miaka minne baadaye Beilock na Thomas Carr walichapisha jaribio lililoeleza sehemu ya siri hiyo: waliofanya mazoezi ya kusukuma mpira wakirekodiwa kwa kamera hawakuporomoka shinikizo lilipokuja, tofauti na waliojizoeza kwa amani. Anayetaka kuacha kutetemeka mbele ya watu ajizoeze akitazamwa. Huhitaji kuwa na baba mwanajeshi. Wenzako wa klabu wanaweza kukuchokoza bure.

Wasweden walichagua mwanzo mwingine. Kocha wao, Pia Nilsson, aliwauliza wachezaji wa timu ya taifa kwa nini wasifikirie raundi ya mikwaju 54, yaani mmoja chini ya kipimo kwa kila shimo kwenye uwanja wa 72. Mmoja wa waliomsikiliza, Annika Sörenstam, alipiga 59 huko Phoenix mwaka 2001, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika mashindano ya LPGA. Kinachosahaulika kwenye mafunzo ya Nilsson na mwenzake Lynn Marriott ni mstari wa kufikirika wanaouchora nyuma ya mpira. Ukiwa upande wa nyuma, unapima upepo, unachagua fimbo, unabishana na nafsi yako. Ukiuvuka, ubishi umekwisha, unapiga. Njia hiyo inawapatanisha Nicklaus na Gallwey bila kelele, kwa kumpa kila mmoja mahali pake.

Lipo pia tatizo ambalo ushauri wa akili hauliwezi peke yake. Tommy Armour, bingwa wa Marekani wa 1927, ndiye anayetajwa kuupa jina la utani ule mtikisiko wa ghafla wa mikono unaompata mchezaji akisukuma mpira wa karibu. Watafiti wa Mayo Clinic wamegundua kwamba kwa baadhi ya wachezaji ni hofu, na kwa wengine ni hitilafu ya neva inayofanana na ile inayowapata waandishi na wanamuziki kwa kurudia tendo lilelile miaka mingi. Huyo wa pili ukimwambia atulie unamwonea. Bernhard Langer wa Ujerumani, aliyepatwa na mtikisiko huo, alibadilisha ushikaji wa fimbo mara kadhaa, akashinda Masters 1985 na 1993. Kati ya mataji hayo mawili, mwaka 1991, alikosa mkwaju wa karibu mita mbili uliowapa Wamarekani kombe la Ryder mbele ya timu yake ya Ulaya. Wiki iliyofuata alishinda mashindano nyumbani kwao.

Tarakimu nazo zina faraja yake. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia alipochambua takwimu za wachezaji wa kulipwa wa Marekani, alikuta kwamba kutoka mita 2.4 wanaingiza nusu tu ya mikwaju yao. Anayegonga fimbo chini kwa hasira baada ya kukosa kutoka hapo anadai asichoweza bingwa. Devin Pope na Maurice Schweitzer nao walipitia mikwaju zaidi ya milioni 2.5 na kuchapisha mwaka 2011 kwamba hata mabingwa, kutoka umbali uleule, huingiza zaidi wanapookoa kipimo cha shimo kuliko wanapotafuta kukishinda. Kwenye kadi mkwaju una thamani moja. Ndani ya kichwa, kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha.

Rory McIlroy aliyaonja yote hayo Augusta, kunakochezwa Masters. Mwaka 2011 aliianza siku ya mwisho ya Masters akiongoza kwa minne, akapiga 80. Miezi miwili baadaye alishinda Mashindano ya Wazi ya Marekani kwa tofauti ya minane, lakini Masters ikaendelea kumkwepa kwa miaka 14. Aprili 2025, akishauriana na mwanasaikolojia Bob Rotella, aliingia tena siku ya mwisho akiwa mbele. Bryson DeChambeau, aliyecheza naye, aliwaambia waandishi baadaye kwamba McIlroy hakumsemesha siku nzima. Shimo la kwanza McIlroy alipoteza mikwaju miwili. La 13, akiwa na mkwaju mfupi na rahisi, alitia mpira kijitoni na kupoteza mingine miwili. La 18 alikosa kutoka mita moja na nusu, pale ambapo kazi ingeisha. Akarudi kwenye shimo hilohilo kwa mchujo dhidi ya Justin Rose, akalimaliza kwa mikwaju mitatu na kuvaa koti la kijani la bingwa. Juma hilo alikuwa na mashimo manne ya kupoteza mikwaju miwili, na hakuna bingwa wa Masters kabla yake aliyewahi kushinda akiwa na mengi hivyo.