Saa Tisa ya Ijumaa Kuu

Injili zinasimulia kwamba giza lilitanda tangu saa sita hadi saa tisa, ndipo Yesu akakata roho. Saa hizo tatu ndizo moyo wa Ijumaa Kuu. Hata hivyo, Wakristo wa Magharibi waliziacha zikapotea katika liturujia yao kwa karne nyingi, na waliozirudisha kwanza hawakuwa wakuu wa Kanisa.

Egeria, mwanamke aliyehiji Yerusalemu miaka ya 380, ametuachia maelezo ya thamani kubwa. Asubuhi askofu aliketi Golgotha mbele ya meza iliyotandikwa kitambaa, akiushika kwa mikono yake mti ulioaminiwa kuwa wa msalaba wenyewe. Waumini walipita mmoja mmoja, wakainama, wakaugusa kwa paji la uso na kwa macho, wakaubusu. Kuugusa kwa mkono hakukuruhusiwa. Mashemasi walisimama kulinda, kwani ilisemekana kuna mtu aliyewahi kuung’ata akaondoka na kipande. Ilipotimu saa sita, watu wote walikusanyika uani, liwe jua iwe mvua, wakasikiliza masomo ya Mateso hadi saa tisa huku wakubwa kwa wadogo wakilia.

Ulaya ya karne za kati iliisogeza ibada hiyo asubuhi. Mwaka 1642 Papa Urban VIII aliiondoa Ijumaa Kuu katika orodha ya sikukuu za lazima, na wengi wakawa kazini wakati kasisi akisali na watu wachache. Hata komunyo siku hiyo aliipokea yeye peke yake.

Waumini hawakukubali kubaki pembeni. Waliifuata Njia ya Msalaba, iliyoenezwa na Wafransisko na kuwekewa vituo 14 na Papa Clement XII mwaka 1731. Huko Lima, Peru, Mjesuiti Alonso Messía anatajwa kuwa mwanzilishi wa ibada ya saa tatu, yenye tafakari juu ya Maneno Saba ya Yesu msalabani. Ibada hiyo ilivuka bahari hadi Hispania, na kwa ajili yake Haydn alitungia kanisa la Cádiz muziki. Karne ya 19 Waanglikana wakaipokea.

Roma ilichelewa. Kwa agizo la Novemba 1955, Papa Pius XII aliirudisha liturujia alasiri, ikiwezekana saa tisa, na kuwaruhusu waumini wote kukomunika. Ndiyo maana leo parokia zetu nyingi hutembea Njia ya Msalaba mapema, kisha alasiri padri huingia bila wimbo, akalala kifudifudi mbele ya altare tupu. Kwa Waanglikana na Walutheri wengi, wahubiri hupokezana Maneno Saba.

Ethiopia haikuhitaji kurudishiwa kitu. Waorthodoksi wa huko huifunga siku nzima wakisujudu tena na tena tangu asubuhi. Jioni kila mmoja humwendea kasisi, akapigwa taratibu mgongoni kwa kijiti cha mzeituni na kutajiwa idadi ya sijda zilizobaki juu yake.