Kabla ya kuziba ufa: Bwana afya, mkaguzi na swali la nani aitazame nyumba

WAHENGA walituachia onyo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeifunza methali hii darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka wanafunzi wangu hunijibu kuwa inakemea uzembe. Sijawahi kuwauliza swali lililo wazi zaidi: ni nani aliyeuona huo ufa kwanza? Kuuziba ni kazi ya fundi. Kuuona, na kujua kama ni ufa wa plasta tu au umeanzia kwenye msingi, ni kazi ya mtu mwingine.

Swali hili lilinikuta nyumbani Busibwabo, nje kidogo ya mji wa Busia. Nilikuwa nimejenga vyumba sita vya kupangisha. Mji wa mpakani hauishiwi na wapangaji: madereva wa malori, mawakala wa forodha, wachuuzi wanaovuka kwenda Uganda na kurudi jioni. Slabu ilikuwa imeshamwagwa, nami nikawa na hamu ya kupandisha ghorofa. Mpwa wangu, binti ya dada yangu, yuko mwaka wa mwisho wa masomo ya afya ya mazingira. Alipokuja likizo nikamwambia, "Haya bwana afya, hebu nikagulie mjengo kabla watu hawajaingia."

Akacheka. "Bwana tena, Mjomba? Mimi?"

Hata hivyo aliifanya kazi. Alipima madirisha, akahesabu vyoo, akauliza maji machafu yanaelekea wapi, akapapasa kuta kutafuta unyevu. Kisha tukafika penye ufa mwembamba uliopanda kutoka kona ya dirisha hadi chini ya slabu. Aliutazama kwa muda. "Huo si wangu, Mjomba. Mimi nimefunzwa hewa, maji na uchafu. Vyuma vilivyo ndani ya nguzo sivioni, na hata nikiviona sitajua kama vinatosha. Tafuta injinia."

Nilidhani ananikwepa. "Si wewe ndiye mkaguzi?" Lakini nilipokaa nikafikiri, niligundua kuwa jibu lake lilikuwa na historia ya zaidi ya miaka 100, na kwamba historia hiyo imejificha katika maneno tunayoyatumia kila siku.

Mtu wa kwanza wa serikali aliyekuja kuitazama nyumba ya mwananchi katika sehemu hizi hakuja kwa sababu ya afya wala usalama. Alikuja kuihesabu. Eneo letu lilikuwa sehemu ya Uganda hadi mwaka wa 1902, mkoa wa mashariki wa nchi hiyo ulipohamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Pande zote mbili za mpaka huo mpya, serikali ya Mwingereza ilitoza kodi kwa kila nyumba. Ofisa au askari wa chifu hakujali kama paa linavuja. Alichotaka kujua ni nyumba ngapi zimo bomani na nani atazilipia. Si ajabu basi kwamba neno letu "kodi" limebeba mizigo miwili hadi leo: ushuru unaolipwa serikalini, na pesa ambazo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Na si ajabu kwamba wazee wetu walijifunza kumshuku kila mgeni aliyechungulia mlangoni.

Mkaguzi wa pili alikuja na maradhi. Chimbuko lake ni Uingereza ya karne ya 19, ambako miji ya viwanda kama Liverpool ililemewa na kipindupindu na homa za matumbo. Sheria ya Afya ya Umma ikapitishwa huko mwaka wa 1848, na mwaka wa 1876 ikaundwa jijini London taasisi ya usafi iliyowatahini wakaguzi na kuwapa vyeti. Mtahiniwa alifunzwa mifereji, vyoo, madirisha, msongamano na unyevu. Cheti hicho baadaye kikawa kipimo katika makoloni mengi ya Waingereza.

Nairobi iliuonja mwamko huo kwa moto. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa amri ya wakuu. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya usafi Afrika Mashariki, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba makazi yatengwe kwa misingi ya rangi. Kwa hiyo usafi ulipokuja kwetu, ulikuja umeshikana mkono na ubaguzi. Mwaka wa 1921 ikatungwa Sheria ya Afya ya Umma. Hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo Sura ya 242 tuliyo nayo hadi sasa, na bado inaihesabu nyumba yenye unyevu, uchafu, uhaba wa hewa au msongamano kuwa kero ya kiafya.

Sheria ilihitaji watu wa kuitekeleza mashambani. Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete mwaka wa 1925 iliwafunza walimu waliozunguka vijijini wakieneza pia kilimo bora, usafi na ujenzi wa nyumba bora. Ng'ambo ya mpaka wetu, Mbale, pakawa na chuo cha usafi ambacho jina lake bado linafahamika huku. Waliohitimu katika fani hii wakapata jina ambalo hakuna kamusi iliyowatungia: bwana afya.

Litazame jina lenyewe. Halisemi "bwana wa afya". Kihusishi kimedondoka, kama kilivyodondoka katika bwana shamba, bwana nyuki na bwana samaki. Ni muundo wa cheo, na "bwana" hapo ana maana ya mwenye amri. Nyanya yangu alipoisikia baiskeli ya bwana afya, jambo la kwanza lilikuwa kufunika mtungi wa maji. La pili lilikuwa kumtuma mtoto, yaani mimi, akafagie njia ya chooni. Hakumwogopa kwa ubaya wake. Alimwogopa kwa sababu angeweza kuandika karatasi. Leo wanawake wamejaa katika kazi hiyo. Watanzania walipata "bibi afya" mapema, ilhali sisi huku bado tunamwita binti wa watu "bwana" bila kupepesa jicho. Jina rasmi ni afisa wa afya ya umma, na tangu sheria ya mwaka wa 2013 ni sharti asajiliwe na apewe leseni na baraza la taaluma yake kabla ya kufanya kazi.

Mkaguzi wa tatu ameletwa na vifo vya aina nyingine. Mwaka wa 1968 Kenya ilipata kanuni za ujenzi zilizotumiwa na mabaraza ya miji: mchoro uidhinishwe, hatua za ujenzi zikaguliwe, kisha cheti cha kukaliwa kitolewe. Kwenye karatasi zilitosha. Lakini miji ilikua juu haraka kuliko macho ya waliotakiwa kuitazama. Jengo la Sunbeam likaporomoka Nairobi mwaka wa 1996, lile la Nyamakima mwaka wa 2006. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ikaundwa kwa sheria ya mwaka wa 2011. Usiku wa Aprili 29, 2016, baada ya mvua kubwa, jumba la ghorofa kando ya mto huko Huruma, Nairobi, liliwaangukia wapangaji wake na kuua watu wapatao 50. Hapo ndipo alama ya X ya rangi nyekundu ukutani ikawa lugha inayosomwa na kila mtu, hata asiyejua kusoma. Kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilitangazwa mwaka wa 2024 kuchukua nafasi ya zile za 1968.

Ni katika kipindi hiki neno "mkaguzi" limepata uzito mpya masikioni mwetu. Linatokana na kitenzi kagua, kwa njia ile ile nunua inavyotupa mnunuzi: ile l iliyopotea zamani katika mzizi hugeuka z inapokutana na kiishio -i. Ni neno zuri kuliko "inspekta", ambalo kwetu lina harufu ya kituo cha polisi, na lina adabu kuliko "kanjo".

Ila neno moja limefunika kazi nyingi. Anayetaka kukagua nyumba nchini hana njia moja ya kufuata. Akisomea afya ya mazingira, atajua choo na dirisha. Akisomea uhandisi wa ujenzi na kusajiliwa, atajua nguzo na msingi. Akiwa mpima majengo, atajua uchakavu na matengenezo. Akiajiriwa na kaunti, ambazo tangu mwaka wa 2013 ndizo zenye jukumu la mipango ya ujenzi, atakagua kama mchoro umefuatwa. Mpwa wangu hakunikwepa. Alikuwa anaijua mipaka ya leseni yake, na hiyo ni sehemu ya mafunzo ambayo wengi wetu hatukuipata.

Kwingineko wamejaribu njia nyingine. Nchini Marekani, chama cha kitaifa cha wakaguzi wa nyumba kiliundwa mwaka wa 1976, miaka 100 baada ya ile taasisi ya London. Baadaye majimbo kadhaa, Texas likiwa miongoni mwa ya kwanza, yakadai leseni. Nchini Kanada, British Columbia ilianza mwaka wa 2009. Mkaguzi huyo havunji ukuta. Hutazama kwa macho, kutoka paa hadi msingi, kisha huandika ripoti. Tofauti yake kubwa na wetu ni anayemwajiri. Yeye aghalabu hulipwa na mtu anayetaka kuinunua nyumba hiyo na kulala ndani yake.

Tuwapange basi wakaguzi wetu watatu. Wa kwanza alitumwa na hazina, wa pili na idara ya afya, wa tatu na mamlaka za ujenzi. Wote walitumwa na serikali, na wote, machoni pa mwenye nyumba, ni watu wa kukwepwa. Aliyelala ndani hajawahi kuwa na mkaguzi wake. Mpangaji anayelipa kodi Burumba au Malaba hana wa kumuuliza, "Huu ufa ni wa nini?" Humuuliza mwenye nyumba, naye humwambia ni plasta.

Mimi nami nilikuwa tayari kulitoa jibu hilo hilo. Injinia alipokuja, kitu cha kwanza alichoniomba ni mchoro. Nilimpa daftari la fundi. Alilifunga polepole, akagongagonga ukuta, akachimbua udongo kidogo kwenye kona. Linta ilikatwa fupi, akasema, na upande huo wa msingi umekalia udongo wa kujazwa. Ufa unaweza kurekebishwa. Ghorofa, hapana, si juu ya msingi huo. Vyumba bado ni vitupu, na watu wawili waliokuwa wameshanilipa amana nimewarudishia pesa zao.

Muhula ujao nitaifunza ile methali tena. Safari hii nitaanza na kuuliza nani aliuona ufa, alifunzwa wapi kuuona, na ni nani aliyemtuma.