Nduli au Zimwi? Filamu ya Idi Amin na Watazamaji wa Macalder

Jina la filamu, kama jina la kitabu, ni ahadi. Anayenunua kanda ya video, au anayelipa kiingilio katika banda la video, hana njia ya kuionja bidhaa kwanza. Hutegemea jina na picha ya jaladani. Makala haya yanaichunguza ahadi ya filamu moja, Rise and Fall of Idi Amin, ya mwaka 1981, ambayo katika kanda za video ilienea pia kwa jina la Amin: The Rise and Fall. Tutaipima kwa macho ya watu wa Macalder, katika Nyatike, upande wa Migori.

Filamu hiyo iliongozwa na Sharad Patel, ikapigwa Kenya kwa gharama ndogo muda si mrefu baada ya Kampala kutekwa, Aprili 1979. Amin aliigizwa na Joseph Olita, Mkenya wa Siaya, kwa ufanano uliowashangaza wengi. Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo na serikali ya Amin mwaka 1975 kisha akaachiliwa, alijiigiza mwenyewe. Muundo wa jina lenyewe, kuinuka na kuanguka, ni wa vitabu vya tarikhi. William Shirer aliutumia mwaka 1960 katika kitabu chake juu ya Ujerumani ya Hitler. Kwa hiyo mtazamaji huahidiwa sababu, matukio na matokeo.

Matukio kweli yamo: mapinduzi ya 1971, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, uvamizi wa Entebbe mwaka 1976. Lakini kinachobaki akilini ni vichwa vya watu ndani ya friji, na Amin akionja nyama ya maiti. Uvumi wa Amin kula watu ulikuwapo. Hata Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wake, aliuandika mwaka 1977. Hata hivyo haujathibitishwa, na filamu inauonyesha kana kwamba kamera ilikuwapo. Hapa tumetoka katika tarikhi, tukaingia katika aina ile ya filamu za bei nafuu ambazo mtaji wake ni damu na utisho.

Kwa nini tuitazame filamu hii kutoka Macalder? Mji huo ulikua kwa mgodi wa shaba na dhahabu uliofungwa mwaka 1966, na wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu sehemu hizo. Wajaluo, Wasuba, Wakuria na wageni hukutana huko, na Kiswahili huwapatanisha sokoni na machimboni. Tena, nchi hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda hadi mwaka 1902. Februari 1976 Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda, dai hilo liligusa ardhi ya watu hawa. Mwaka 1978 majeshi yake yalipoingia Kagera, vita vilikuwa ng'ambo ya ziwa lile lile. Hawakuhitaji friji ili wajue kwamba mtu huyo alikuwa hatari.

Lugha yetu ilikuwa imekwisha kumpa Amin jina. Wakati wa vita vya Kagera, Watanzania walimwita nduli. Nduli ni muuaji, mtu katili. Lakini ni mtu. Ana akili, ana nia, naye hushtakiwa kwa matendo yake. Mla watu katika ngano zetu ni zimwi, naye Mjaluo anaye Apul-Apul wake. Kiumbe huyo hashtakiwi, kwa kuwa kula watu ndiyo tabia yake. Hukimbiwa au huuawa, na hadithi ikaisha. Filamu iliahidi kisa cha nduli, ikasimulia kisa cha zimwi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Zimwi halina makarani. Nduli alikuwa na idara ya upelelezi yenye ofisi Nakasero, alikuwa na maofisa waliopokea mishahara, na kwa miaka kadhaa alikuwa na serikali za nje zilizomuuzia silaha. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa katika Mahakama Kuu mwezi Septemba 1972, asionekane tena. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977, na ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari. Hesabu ya waliouawa hukadiriwa kuwa baina ya 80,000 na 300,000, na wengine huongeza. Mauaji ya kiasi hicho hayafanywi na uchu wa mtu mmoja. Anayeamini kwamba yalifanywa na zimwi hataulizia waliofungua milango ya magereza, wala waliotia sahihi.

Amin alifariki Jeddah mwaka 2003 bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote, na kanda ilibaki ikitoa ushahidi mahali ambapo shahidi hakuitwa. Sisi tunaofundisha lugha hatuna budi kuwazoeza wanafunzi kuyahoji majina ya bidhaa za namna hii kama wanavyoyahoji majina ya mashairi: limeahidi nini, nalo limetimiza nini? Wazee wa mwambao ule wanaoukumbuka mwaka 1976 waulizwe pia, na maneno yao yaandikwe, maana kanda imekwisha kusema mengi badala yao.