Santuri na Mtunzi: Tafakari juu ya Historia ya Wimbo wa "Malaika"

Wimbo wa "Malaika" ni miongoni mwa nyimbo za Kiswahili zilizofika mbali kabisa, na kwa sababu hiyo swali la nani aliyeutunga limeulizwa mara nyingi. Makala haya hayakusudii kulimaliza swali hilo. Shabaha yake ni kuonyesha kwamba uzito wa swali lenyewe ulizaliwa na santuri. Mradi wimbo ulikuwa ukiimbwa tu, waliohitaji kumjua mtunzi wake walikuwa wachache. Ulipotiwa katika santuri na kuuzwa, jina lilikuwa halina budi kupatikana.

Katika Nairobi ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyimbo za gitaa zilikuwa zimekwisha kuwa bidhaa. Fadhili William, aliyezaliwa mwaka 1938 katika nchi ya Wataita, aliurekodi wimbo huu pamoja na kundi la Jambo Boys. Alifanya kazi pia na Equator Sound Studios, iliyokuwa chini ya Charles Worrod, pamoja na wanamuziki kama Daudi Kabaka, na Peter Tsotsi na Nashil Pichen waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Lugha zao za kwanza zilikuwa mbalimbali. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wao kwa wao, na pia kuwaunganisha na wanunuzi wao.

Yafaa tukumbuke umbo la santuri za wakati huo. Ilikuwa sahani ndogo iliyozunguka mara 45 kwa dakika, yenye nafasi ya wimbo wa dakika tatu hivi kila upande. Katikati palibandikwa karatasi ya duara yenye jina la wimbo, jina la mwimbaji, na mara nyingi jina la mtunzi kwa herufi ndogo. Karatasi hiyo, ijapokuwa ndogo, ilikuwa na nguvu kubwa. Fasihi simulizi huweza kuwa na mtunzi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na hadhira isione ajabu. Karatasi ya santuri haikuacha nafasi ya historia kama hiyo.

Jambo hili halikuanzia Nairobi. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodi nyimbo zilizovuma pwani nzima. Taarabu yao ilikuwa kazi ya kundi: kulikuwa na watunzi wa maneno, wapiga ala na mwimbaji. Hata hivyo, jina lililobaki katika vinywa vya watu ni la mwimbaji, na ndiye Shaaban Robert aliyemwandikia wasifu. Ushairi wa kale nao una mfano wake. Tungo za Muyaka wa Mombasa zilikusanywa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na ni kumbukumbu za watu zilizoziunganisha na jina lake.

Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba wimbo wa "Malaika" katika santuri yao ya pamoja, ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy nchini Marekani. Boney M. waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991. Kadiri ulivyosafiri ndivyo dai la utunzi lilivyozidi thamani. Adam Salim, Mtanzania, alidai kuwa aliutunga katikati ya miaka ya 1940 alipokuwa akiishi Nairobi. Fadhili William alishikilia hadi kufa kwake mwaka 2001 kwamba wimbo ni wake. Nayo Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 1966 ililinda kazi ya muziki ikiwa tu imeandikwa, imerekodiwa, au imetiwa katika umbo jingine la kushikika. Kwa hiyo anayedai wimbo uliokuwa kinywani tu husimama mbele ya sheria akiwa hana cha kuonyesha.

Kwa mtaalamu wa lugha, ziko dalili katika matini yenyewe kwamba wimbo huu umeishi maisha ya simulizi hata baada ya santuri. Katika matini yaliyoenea, kitenzi kimoja chenye maana ya kufikiria huonekana mara kikianza kwa na-, mara kwa hu-. Umbo la pili lina utata: hu- ya mazoea ikifuatwa na ku- ya mtendwa hufanana kabisa na hu- ya kukanusha nafsi ya pili ikifuatwa na ku- ya wakati uliopita. Anayefikiria daima na asiyefikiriwa wanakutana katika neno moja. Tofauti ya namna hii ndiyo tunayoizoea tunapolinganisha miswada ya tenzi.

Kiini cha wimbo nacho kimepokewa kwa njia mbalimbali. Ni kilio cha kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwolea. Kwa msikilizaji Mwislamu wa pwani, mali hiyo huelekea mahari, ambayo kwa sheria ya dini ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Kwa mfugaji wa Kimuka, upande wa pili wa vilima vya Ngong, mali ni ng'ombe, nao huenda kwa jamaa za msichana. Studio za Nairobi hazikuwa mbali na Kimuka, na wimbo haukuhitaji kubadilishwa hata neno ili uingie bomani. Tunaona kuwa upana huu wa neno moja ni sababu mojawapo ya kuenea kwake.

Huenda wengine wakasema kwamba basi tuuite wimbo wa jadi na kuyaacha mabishano. Hatukubaliani nao. Kuuita wa jadi ni kumnyima haki kila aliyeufanyia kazi, na mara nyingi anayefaidika ni mfanyabiashara asiyetaka kumlipa mtu. Lililo bora ni kuzitendea santuri kama tunavyoitendea miswada: kila toleo lipewe mwaka wake, studio yake, mwimbaji wake, na jina lililoandikwa katika karatasi yake, na madai ya utunzi yaandikwe kando pamoja na ushahidi wake. Miswada ya Muyaka ilipata watu wa kuikusanya. Santuri za miaka ya 1960 zinakwaruzika na kuvunjika, na wale walioziimba wanazidi kututoka.